Injini Imeongezwa Ujazo: Mafuta Yafuate Nini?

Barua tatu za toleo hili zinatoka Mafinga, Tukuyu na Njombe, na zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: injini iliyoongezwa ujazo kwa ajili ya kuvuta tela inapaswa kulishwa mafuta kiasi gani, na kiasi hicho kipimwe wapi. Barua ya Mafinga imepewa nafasi kubwa zaidi kwa sababu aliyeiandika ameeleza dalili za gari lake kwa uangalifu ambao mafundi wengi wangeutamani kwa wateja wao.

SWALI

Ndugu Mhariri, kamwene. Ninamiliki pikapu ya Chevrolet ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yenye injini ya petroli ya V8 ya lita 5.7, niliyoinunua kutoka shamba moja lililokuwa likiuza magari yake. Baada ya kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, kuisha, fundi mmoja wa Dar es Salaam alinishauri nisiirudishe injini ilivyokuwa bali niiongeze ujazo, kwa kuwa kazi yangu ni kuvuta tela la mbao za Sao Hill kwenda Pwani na kurudi na mbolea. Alichonga silinda kwa inchi 0.030 na kuweka kranki yenye mwendo mrefu wa inchi 3.75, pamoja na kamshafti (mhimili unaofungua vali) ya magari ya kuvuta. Nozeli mbili za kupulizia petroli zilizo juu ya milango ya hewa hazikuguswa, wala kompyuta ya injini.

Kutoka Mafinga hadi Iringa gari linavuta vizuri kuliko zamani. Shida huanza ninaporudi na mzigo. Nikiiacha Ruaha Mbuyuni na kuanza kupanda Kitonga kwa gia ya pili, nguvu hupungua na injini hugonga kama kopo lililotiwa kokoto. Nikifika juu, kuelekea Ilula, hali hutulia yenyewe. Fundi wa Iringa alilipima gari siku nzima, mjini na kwenye mwinuko wa Ipogolo, na hakuona kasoro. Sasa mmoja ananiambia ninunue nozeli kubwa, mwingine anasema niweke milango ya hewa ya injini ya lita 7.4, na wa tatu anataka niukate waya wa sensa ya oksijeni ili kompyuta iache kubana mafuta. Nifuate ushauri upi?
Msomaji wa Mafinga

JIBU

Kamwene sana. Tuanze na hesabu ya injini yenyewe. Injini ya awali ilikuwa na kipenyo cha silinda cha milimita 101.6 na mwendo wa pistoni wa milimita 88.4, na kwa silinda nane hiyo ni sentimita za ujazo 5,733. Kwa vipimo ulivyovitaja, sasa una kipenyo cha milimita 102.4 na mwendo wa milimita 95.25, yaani takriban sentimita za ujazo 6,270. Umeongeza asilimia 9.4, na karibu yote imetoka kwenye kranki. Kuchonga silinda kumechangia kidogo tu.

Hata hivyo, petroli haifuati ujazo wa silinda. Inafuata uzito wa hewa inayoingia ndani ya silinda hizo, na uzito huo katika Nyanda za Juu Kusini si ule wa Pwani. Mafinga iko karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na huko shinikizo la hewa ni takriban asilimia 80 ya lile la Dar es Salaam. Kwa hiyo injini yako ya lita 6.3 ikiwa Mafinga huvuta hewa yenye uzito unaolingana na ule wa injini ya lita 5 iliyo ufukweni, ambao ni mdogo hata kuliko ule ambao injini yako ya zamani ingeuvuta ikiwa bandarini. Hii ndiyo sababu nozeli za zamani zinakutosheleza nyumbani: mwinuko umekuwa ukiuficha upungufu wake.

Sasa tutazame nozeli. Kiwandani injini ya lita 5.7 ya aina hii ilitoa takriban nguvu farasi 210 kwa mizunguko 4,000 kwa dakika. Injini ya petroli inayofanya kazi kwa nguvu zote hutumia karibu gramu 227 za mafuta kwa kila nguvu farasi moja kwa saa, hivyo injini hiyo ilihitaji kilo 48 hivi za petroli kwa saa. Nozeli zake mbili, kila moja ikiwa na uwezo wa takriban kilo 25 kwa saa, zikifunguliwa bila kufungwa kabisa hutoa kilo 50. Utaona kwamba hata ikiwa mpya injini hiyo ilikuwa ikitumia karibu asilimia 95 ya uwezo wa nozeli zake, na watengenezaji hawakuacha akiba ya maana kwa mtu atakayekuja kuipanua.

Tuseme ujazo mpya pamoja na kamshafti vimeifikisha injini yako nguvu farasi 250, makadirio ambayo kwa kazi ya kuvuta si ya kujivuna. Usawa wa bahari itahitaji kilo 57 za petroli kwa saa. Mafinga, asubuhi yenye ubaridi, itahitaji kilo 47 hivi, na nozeli zinatosha. Ruaha Mbuyuni iko zaidi ya kilomita moja chini ya Mafinga, na hata ukiondoa athari ya joto kali la bonde lile, hewa yake bado ni nzito kiasi cha kudai karibu kilo 52. Nozeli zina 50 tu, tena ikiwa pampu ni nzima, chujio ni safi na umeme unaofika kwenye pampu haujapungua njiani. Hapo ndipo injini inapopungukiwa mafuta huku mguu wako ukiwa umekanyaga hadi mwisho, na ndipo inapoanza kugonga. Ukipanda, hewa inapungua, mahitaji yanashuka chini ya uwezo wa nozeli, na unapofika Ilula unadhani gari limejiponya.

Fundi wa Iringa basi hakukosea kupima; alipima mahali ambapo ugonjwa haupo. Kompyuta ya gari lako haina kifaa cha kupima hewa inayopita. Inakisia uzito wa hewa kutokana na shinikizo ndani ya bomba la kuingizia, mizunguko ya injini, joto, na jedwali lililohifadhiwa kwenye chipu yake. Jedwali hilo lina safu za shinikizo kubwa, zile za kilopaskali 90 na kuendelea, ambazo gari haliwezi kuzifikia likiwa Iringa mjini hata ukikanyaga mafuta yote, kwa sababu hewa ya nje yenyewe pale haizidi kilopaskali 85. Mtu akirekebisha chipu Iringa au Mbeya peke yake, anaacha sehemu ile ile ya jedwali inayotumika Kitonga, Mikumi na Chalinze bila kuguswa na mkono wa mtu.

Ushauri wa kukata waya wa sensa ya oksijeni uuache kabisa. Sensa ile husaidia wakati gari linakwenda kwa mguu mwepesi, ambapo kompyuta hulenga kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli na kujisahihisha kila mara. Ukikanyaga kwa nguvu ili kupanda na tela, kompyuta huacha kuisikiliza na kufuata jedwali tu. Waya huo kwa hiyo haubani chochote unapopanda Kitonga. Ukiukata utapoteza masahihisho ya kwenye tambarare na kuongeza gharama ya mafuta bila kupata faida yoyote mlimani.

Tena sensa hiyo inaweza kukupa ushahidi. Mwambie fundi mwenye mashine ya kusomea kompyuta za Chevrolet za kipindi hicho aangalie namba ya masahihisho ya muda mrefu. Katika mfumo huo 128 maana yake ni kwamba hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Chipu ikiwa bado inadhani injini ni ya lita 5.7, na mengine yote yakiwa mazima, namba itasogea karibu na 140, kwa sababu 140 ni asilimia 9 hivi juu ya 128. Ukiikuta pale, umethibitisha kwa macho kwamba kompyuta haijaambiwa habari ya kranki mpya, na kwamba unapokanyaga hadi mwisho, pale ambapo masahihisho hayapo, jedwali la zamani ndilo linalotawala.

Kuhusu tiba, anza na pampu kabla ya kununua chochote. Funga geji kwenye njia ya mafuta, kisha mtu aendeshe gari likiwa na tela kwenye mwinuko huku mwingine akisoma. Mfumo huu hufanya kazi kwa shinikizo dogo, kati ya paundi 9 na 13 kwa inchi ya mraba, na shinikizo likishuka chini ya hapo gari likiwa mzigoni, nozeli kubwa hazitakusaidia. Baadaye pima wingi: kilo 57 kwa saa ni lita 77 hivi, yaani zaidi kidogo ya nusu lita kwa kila sekunde 30. Pampu ya gari la kuvuta ninataka itoe lita 0.8 kwa muda huo, ikiwa inasukuma dhidi ya shinikizo lake la kawaida na si kumwaga tu kwenye dumu lililo wazi. Kazi hii ifanyike nje, mbali na jiko, mashine ya kuchomelea na chaja ya betri. Nimeona gereji ambako vitu hivyo vitatu vilikaa ukuta mmoja na madumu ya petroli. Pima pia volti kwenye nyaya za pampu wakati inafanya kazi. Waya uliochakaa kwa miaka 30 unaweza kuifanya pampu nzuri ionekane mbovu.

Pampu ikifaulu, badilisha nozeli. Gawanya kilo 57 kwa mbili, kisha usikubali nozeli ifunguke zaidi ya asilimia 85 ya muda wake, na utapata nozeli ya kilo 33 hadi 34 kwa saa. Yapo mafundi ambao badala ya kununua nozeli hupandisha shinikizo, na hesabu yao si ya uongo, ila ni ghali kuliko inavyoonekana: mafuta yanayotoka kwenye nozeli huongezeka kwa kipeuo cha pili cha shinikizo, hivyo ili kutoka kilo 25 hadi 33.5 ukianzia paundi 12 utahitaji zaidi ya paundi 21. Pampu ya asili ndani ya tangi haikuundwa kwa mzigo huo, na ikichoka itachokea njiani ukiwa na mbolea ya watu. Mimi ningechagua nozeli kubwa na kuacha shinikizo karibu na lilivyo. Nozeli zikiwa za mitumba, zipelekwe kwanza kwenye mashine ya kupimia mtiririko, maana mbili zinazofanana kwa umbo zinaweza kutofautiana sana kwa wingi wa mafuta, na katika mfumo wa nozeli mbili tofauti hiyo inaingia moja kwa moja kwenye silinda.

Lakini nozeli zikibadilishwa bila chipu, utahamisha tatizo. Kompyuta itaendelea kuzifungua kwa muda ule ule wa zamani na kumwaga theluthi moja ya ziada kila mahali, pamoja na wakati injini inanguruma bila mzigo. Petroli ya ziada huosha mafuta ya kulainisha kwenye kuta za silinda, hushuka ndani ya oili, na injini iliyokugharimu hivi karibuni itaanza kula ringi zake. Chipu inapaswa kuambiwa mambo matatu: ujazo mpya wa silinda, uwezo mpya wa nozeli, na jedwali jipya la ujazaji wa hewa linalolingana na kamshafti yako. Mawili ya kwanza ni hesabu za mezani. La tatu hupatikana kwa kuendesha gari na kupima.

Milango ya hewa ya injini ya lita 7.4 waachie wanaotaka mbio. Injini yako kwa mizunguko 4,000 huvuta chini ya mita za ujazo 11 za hewa kwa dakika, na milango miwili ya asili yenye kipenyo cha milimita 43 hivi inapitisha zaidi ya hapo. Kwa mtu anayevuta tela kati ya mizunguko 2,000 na 3,800 mlango mpana hauongezi kitu, na hufanya mguu kuwa mgumu kuutawala unapoondoka na mzigo kwenye mwinuko.

Liko jambo jingine ambalo hukuliuliza, nalo linahusiana na kule kugonga kwa injini. Ukirefusha mwendo wa pistoni na kuacha chumba cha mwako kilivyo, mbano, yaani kiasi ambacho hewa na mafuta hubanwa kabla ya kuwaka, huongezeka. Injini iliyokuwa na mbano wa 8.5 kwa 1 inaweza kufika 9.2 kwa 1 kutokana na ujazo huu peke yake, kutegemea pistoni alizochagua fundi wako. Mafinga hutalisikia ongezeko hilo kwa kuwa hewa ni nyepesi. Chini ya Kitonga, katika joto, na mafuta yakiwa pungufu, plagi zinazowaka mapema kiasi kile kile cha zamani zitaigongesha injini hata baada ya nozeli kurekebishwa. Mwambie anayeandika chipu achelewishe mwako kidogo kwenye zile safu za shinikizo kubwa, kisha arudishe taratibu huku akisikiliza. Muulize pia fundi wa Dar es Salaam kama aliirudisha sensa inayosikia injini ikigonga kwenye bloku na kuiunganisha waya. Mara nyingi hubaki ikining'inia.

Marekebisho ya mwisho, kwa sababu nilizozieleza, yafanyike chini. Funga kipimo cha oksijeni cha masafa mapana, si ile sensa ya gari ambayo inajua tu kama mafuta yamezidi au yamepungua bila kusema kwa kiasi gani, na lenga kilo 12.5 hadi 12.8 za hewa kwa kilo moja ya petroli unapovuta kwa nguvu zote. Kitonga penyewe si mahali pa majaribio: barabara ni nyembamba, kona ni kali, na lori lililo nyuma yako halina pa kukupita. Miinuko midogo ya kabla ya kufika pale inatosha, tela likiwa limepakiwa kihalali na fundi akiwa kiti cha abiria na mashine yake. Ukishapata namba hizo chini, panda nazo hadi Mafinga uhakikishe kwamba hazipotei. Na kwa kuwa tunazungumzia mlima huo, nguvu uliyoongeza haijaongeza breki hata moja. Tela la uzito huo liwe na breki zake lenyewe kabla hujaliteremsha.

SWALI

Ndugu Mhariri, Land Cruiser yangu ya dizeli yenye injini ya 1HZ huvuta tela la ndizi na parachichi kutoka Kyela na Tukuyu hadi Mwanjelwa, Mbeya. Imefanyiwa oveholi, silinda zimechongwa na kuwekewa pistoni za ovasaizi ya nusu milimita. Fundi akasema kwa kuwa injini imekuwa kubwa, pampu nayo iongezwe, akaifungua skrubu ya mafuta. Kyela gari halina neno. Tukishapita Tukuyu na kukaribia Isongole linatoa moshi mweusi hadi walio nyuma wanapiga honi, na mshale wa joto hupanda. Anapendekeza sasa nifunge turbo, ile feni ya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, ili kuumaliza moshi. Je, ni sahihi?
Msomaji wa Tukuyu

JIBU

Injini yako haijawa kubwa. Kipenyo cha 1HZ ni milimita 94 na mwendo wake milimita 100. Ukiongeza nusu milimita ya kipenyo unapata sentimita za ujazo 44 juu ya 4,164, ambayo ni asilimia moja tu. Kuchonga silinda zilizochakaa ni matengenezo, na pampu haihitaji kuambiwa lolote. Mwenzako wa Mafinga amebadilisha kranki, ndiyo maana hesabu yake ni nyingine.

Dalili zenu pia zimegeuziana migongo, na inafaa kueleza kwa nini. Injini ya petroli hupungukiwa mafuta mahali ambapo hewa ni nyingi, kwa hiyo ugonjwa wake huonekana bondeni. Dizeli ya aina yako haina mlango wa hewa, na pampu yake hutoa mafuta kwa kadiri ya mguu na mizunguko, hewa iwepo isiwepo. Kyela iko kando ya Ziwa Nyasa, kwenye mwinuko wa karibu mita 500. Barabara ya kwenda Uyole hupita mahali palipo juu ya mita 2,000, ambako karibu robo ya hewa ya Pwani haipo. Pampu iliyowekwa hadi kiwango cha kilo 20 za hewa kwa kilo moja ya dizeli kule chini itakuwa kwenye kilo 16 au pungufu huku juu, na dizeli huanza kutoa moshi mweusi inaposhuka chini ya kilo 18 hivi. Moshi huo ni mafuta uliyoyalipia yasiyokuwa na hewa ya kuyaunguza, na joto lake hubaki kwenye pistoni na kwenye silinda hedi, ambayo kwa injini hizi zenye vyumba vidogo vya awali vya mwako hupata nyufa ikipashwa moto kupita kiasi.

Irudishe pampu kwa fundi wa pampu mwenye benchi la kupimia, si mwenye bisibisi. Aipime pamoja na nozeli zote sita, na aiweke kwenye kipimo cha kitabu cha 1HZ kisicho cha turbo. Muulize kama pampu yako ni ile yenye kifaa cha kupunguza mafuta kadiri gari linavyopanda mwinuko, kwa sababu baadhi ya pampu za 1HZ zinacho. Kama ipo na kifaa kimekufa, kukitengeneza kutakusaidia kuliko turbo. Baada ya hapo jaribio lifanyike juu, Isongole, tela likiwa na mzigo. Ukungu mwepesi wa kijivu unapokanyaga hadi mwisho unakubalika. Wingu jeusi halikubaliki. Ni kweli kwamba ukiirekebisha kwa ajili ya juu utaacha nguvu kidogo Kyela, na mimi ningeiacha.

Turbo inaweza kuurudisha uzito wa hewa uliopotea, na kwa injini inayoishi milimani wazo lenyewe halina ubaya. Ubaya ni kuifunga kama dawa ya skrubu iliyofunguliwa kupita kiasi. Toyota yenyewe ilipotaka turbo kwenye injini ya kipenyo na mwendo huo huo ilitengeneza 1HD-T, ambayo hupuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni na kubana 18.6 kwa 1, wakati 1HZ hubana zaidi ya 22 kwa 1. Ukiamua kufunga, shinikizo la turbo liwe dogo, na kabla hujagusa mafuta weka kipimo cha joto la gesi kwenye bomba la eksozi kabla ya turbo. Ukiona nyuzi joto 700 unapopanda, punguza mguu au ushushe gia. Mshale wa rejeta unaoutegemea sasa huchelewa mno kutoa habari.

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Njombe. Land Cruiser ya petroli ya familia yetu, silinda sita za lita 4.5 za 1FZ-FE, imechongwa milimita moja na huvuta tela la viazi. Fundi anasema kompyuta haiwezi kuijua injini iliyochongwa, hivyo tuondoe mfumo wote wa nozeli tuweke kabureta. Tukubali?
Msomaji wa Njombe

JIBU

Marahaba. Msikubali. Milimita moja kwenye kipenyo cha milimita 100 ni asilimia mbili ya ujazo, na mfumo mliokuwa nao unaimudu bila kuguswa. Tofauti na ile Chevrolet ya Mafinga, injini yenu ina kipima hewa kwenye bomba la kuingizia. Injini ikivuta hewa zaidi, kipima kinaiona na kompyuta inaongeza mafuta. Gari likipanda Njombe ambako hewa ni nyepesi, kinaona pia na mafuta yanapunguzwa. Kabureta ya kawaida haifanyi hivyo. Jeti ikichaguliwa Njombe, petroli itapungua mkifika Morogoro. Ikichaguliwa Morogoro, Njombe mtakuwa mkinunua petroli ya kutia masizi kwenye plagi. Juu ya hayo, mafuta yaliyo kwenye chungu cha kabureta huyumba gari likiegemea kwenye mwinuko mrefu, na barabara zenu za mashambani mnazijua.

Kama gari linakosa nguvu baada ya kuchongwa, kagueni kwanza bomba la mpira lenye mikunjo lililo kati ya kipima hewa na injini, kwa sababu hutolewa wakati wa oveholi na mpira wa zamani hupasuka ndani ya mikunjo mahali pasipoonekana. Hewa inayoingilia kwenye ufa haipimwi, na mafuta yake hayatolewi. Likunjueni kwa mikono mchana kweupe, mikunjo yote, upande wa chini pia. Likiwa zima, pimeni shinikizo la pampu tela likiwa limefungwa nyuma.